Chuo kidogo, dirisha moja

Katika chuo chenye wanafunzi elfu moja na kitu, foleni ya uhasibu siku za usajili haizidi watu 30. Aliyezoea foleni za Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) au UDOM ya Dodoma akiiona hucheka. Kicheko kinakatika akijua kwamba dirisha ni moja, anayehudumia ni mmoja, na huyo huyo ndiye afisa mikopo, ndiye katibu wa kamati ya mahafali, na leo mchana ana kikao.

Vyuo vyetu vidogo viko hivyo, kuanzia vile vya dini vya Moshi, Iringa na Morogoro, mpaka vya Tunguu kule Unguja. Kazi za chuo kikubwa zote zipo, watu ndio hawapo. Kuna mtihani, Seneti (kikao cha juu cha taaluma), maabara, mabweni, tovuti, timu ya mpira, na vyote vimegawanywa kwa watumishi wachache waliovaa kofia mbili mbili. Si aibu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenyewe kilianza Oktoba 1961 na darasa la sheria peke yake, wanafunzi hawafiki 20, ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Ila anayesoma, anayefundisha au aliyehitimu mahali pa namna hii afanye mahesabu yake tofauti: jambo lolote linalopita mezani kwa mtu mmoja litachelewa siku mtu huyo akiwa na homa. Dawa yake ni kufika kabla ya wengine, ukiwa na karatasi zote mkononi.

Jina liwe moja

Shida ya kwanza huletwa kutoka nyumbani, nayo ni majina. Cheti cha kidato cha nne kinasema hivi, kitambulisho cha taifa cha NIDA kinasema vile, cheti cha kuzaliwa kimeongeza la babu. Chuo hufuata cheti cha kidato cha nne, na Bodi ya Mikopo humtambua mwanafunzi kwa namba ya mtihani ya kidato hicho pamoja na mwaka. Akaunti ya benki ikifunguliwa kwa majina ya NIDA yaliyopangwa kwa mpangilio mwingine, malipo hurudi. Linganisha majina herufi kwa herufi kabla ya kuja. Yakitofautiana, hati ya kisheria ya kubadili jina iandaliwe kwa wakili mapema, maana wiki ya usajili mawakili wa mjini nao wana foleni.

Kwenye bahasha weka vyeti halisi na nakala tatu za kila kimoja, picha za pasipoti zisizopungua sita, fomu ya afya iliyogongwa muhuri wa hospitali, na risiti za malipo. Malipo madogo ndiyo hukwamisha watu: ada ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) ya shilingi 20,000 kwa mwaka, na bima ya afya ya mwanafunzi ya 50,400 kwa asiye na kadi. Mtu analipa ada ya laki sita, anasahau hiyo 20,000, na mfumo unamwonyesha hajasajiliwa. Asiyesajiliwa hapati fedha ya Bodi ya Mikopo. Aliyepata nafasi vyuo viwili au zaidi naye lazima athibitishe kimoja kwa ile namba ya siri inayotumwa kwenye simu, hivyo usibadilishe laini katikati ya udahili.

Bumu

Fedha ya chakula na malazi kutoka Bodi, tunayoiita bumu, imekuwa 10,000 kwa siku kwa miaka ya karibuni. Kabla ya hapo ilikuwa 8,500. Hutoka kwa mikupuo, na mkupuo wa siku 60 ni 600,000. Ada ni fungu jingine, hiyo huenda chuoni moja kwa moja kwa asilimia uliyopangiwa. Fedha za bumu zikifika, afisa mikopo hutangaza, nawe unathibitisha kwa alama ya kidole ndipo ziingie benki. Asiyethibitisha ndani ya muda, fungu lake hurudishwa Bodi, na kulifuata huko ni safari nyingine kabisa.

Katika chuo kidogo bumu hukwama kwa sababu zinazojulikana. Akaunti ililala likizo nzima ikafungwa na benki. Vidole vimechubuka kwa kulima au kufua na mashine inavikataa, kwa hiyo siku ya kuandikishwa sajili vidole zaidi ya kimoja. Kubwa kuliko zote ni matokeo ya mwaka uliopita kutofika Bodi. Wanaoendelea na masomo hawapati kitu mpaka chuo kipeleke matokeo yao, na hayaendi bila kupita Seneti. Kozi moja tu ambayo mhadhiri hajaleta alama inaweza kuchelewesha darasa zima. Watu husimama dirishani kwa afisa mikopo wakimlaumu, kumbe kilichokwama kiko idara ya masomo. CR, yaani mwakilishi wa darasa, mwenye akili huanzia huko.

Hesabu yenyewe ifanyike hivi. Chukulia geto, chumba cha kupanga, ni 50,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka ya miezi mitatu, yaani 150,000. Zimebaki 450,000. Usizigawanye kwa siku 60, kwa sababu mkupuo unaofuata mara nyingi huchelewa. Gawanya kwa 75, upate 6,000 kwa siku. Chai na chapati 1,000, wali maharage mara mbili kwa mamantilie wa 2,000 ni 4,000, inabaki 1,000 ya vocha, sabuni na fotokopi. Hapo nyama haimo. Wanaopika watatu kwa jiko moja la gesi hupunguza vizuri, mradi mchango ukusanywe siku ya bumu lenyewe, si wiki ya pili.

Alama 40 za kabla ya UE

Hapa ndipo watu wengi hupoteza shahada nzuri bila kujua. Kozi nyingi zina alama 40 za kazi za muhula na 60 za mtihani wa mwisho, yaani UE. Zile 40 kwa kawaida ni majaribio mawili ya 15 kila moja na kazi ya kikundi au wasilisho la 10. Vyuo vingi havimruhusu mtu kuingia UE akiwa chini ya 16 kati ya hizo 40, na vingi vinataka mahudhurio ya asilimia 75.

A huanzia 70, B+ 60, B 50, C 40. Mwenye 28 za muhula anahitaji 42 kati ya 60 kupata A. Mwenye 18 anahitaji 52. Kupata 52 kwa mtihani unaosahihishwa na mtu aliyechoka saa tano usiku ni kazi ya wachache. Kwa hiyo jaribio la kwanza, lile ambalo watu hulidharau kwa kuwa liko wiki ya tano na bumu limeingia juzi, ndilo la kukesha vimbwetani, kwenye meza za nje za kujisomea.

Sasa GPA, yaani wastani wa pointi zako. Kila kozi ina uzito wake, na uzito mmoja ni saa 10 za kazi, za darasani na za kujisomea. Mwaka una 120, shahada ya miaka mitatu ina 360. A ni pointi 5, B+ 4, B 3, C 2. Zidisha pointi kwa uzito, jumlisha, gawanya kwa jumla ya uzito. Tuseme muhula una kozi tano: uzito wa 12 umepata A, 12 B+, 10 B+, 8 B, 8 C. Ni 60, 48, 40, 24 na 16, jumla 188. Gawanya kwa 50: 3.76. Vyuo vingi hukata tarakimu ya pili, havikadirii kwenda juu, kwa hiyo inasomeka 3.7. Ile C ya uzito wa 8 ingekuwa B, jumla ingekuwa 196 na GPA 3.9. Kozi moja ndogo, hatua mbili.

Kwa nini hatua hizo ni muhimu? Daraja la kwanza linaanzia 4.4, la pili la juu 3.5, la pili la chini 2.7, na 2.0 ni kupita. Mwenye 3.49 hukatwa akawa 3.4 na kuangukia la pili la chini. Chini ya 2.7 mlango wa uzamili unakuwa mgumu. Anayetaka kubaki chuoni kufundisha, kiwango cha TCU kwa mkufunzi msaidizi ni 3.8 ya shahada ya kwanza, na kwa mhadhiri msaidizi ni 4.0 ya uzamili. Mwaka wa kwanza unahesabiwa kama mwaka wa mwisho, ingawa vijana wa mwaka wa kwanza huambiana kuwa wanapasha misuli tu.

Kasoro za alama zina chanzo kidogo sana. Kazi ya kikundi hukusanywa na orodha ya namba za usajili iliyoandikwa kwa mkono. Tarakimu moja ikikosewa, alama zako zimekwenda kwa mwingine, nawe unasoma sifuri. Chapa orodha, kila mmoja ahakiki namba yake, piga picha ukurasa wa kwanza kabla ya kukabidhi. Weka karatasi za majaribio zilizosahihishwa mpaka upate cheti, usizifungie maandazi. Na kabla ya UE alama za muhula hubandikwa ubaoni ili kila mmoja asaini. Ukisaini bila kusoma umekubali.

Sapu, yaani mtihani wa marudio, katika chuo kidogo ina makali yake. Inafanyika mara moja, kabla ya mwaka mpya kuanza, na ukifaulu hupati zaidi ya C hata ungeandika vizuri namna gani. Ukishindwa unabeba, yaani unairudia kozi hiyo mwaka unaofuata. Chuo kikubwa kinaweza kuwa na kozi hiyo kwa kitivo kingine au muhula mwingine. Hapa mhadhiri wake ni mmoja na anaifundisha mara moja kwa mwaka. Ukiibeba ya muhula wa kwanza, unaisubiri mpaka muhula wa kwanza ujao, na kipindi chake huenda kikagongana na kozi ya mwaka uliopo. Ratiba ikitoka rasimu, nenda siku hiyo hiyo kwa mratibu wa ratiba na namba za kozi zote mbili. Rasimu hubadilishwa, ratiba iliyosainiwa haiguswi. Anayebeba mwaka wa mwisho huongeza mwaka mzima kwa kozi moja, na bumu la mwaka huo wa ziada asilitegemee.

Upande wa mhadhiri

Wanafunzi huona uvivu pale matokeo yanapochelewa. Fanya hesabu ya mhadhiri mwenye kozi nne za wanafunzi 80: vijitabu 320. Dakika 15 kila kimoja ni saa 80, kabla ya kuandika alama, kumpelekea mtahini wa nje, kurudi kikao cha idara, kitivo, kisha Seneti. Katika wiki hizo hizo yeye ni mlezi wa bweni na anasimamia fildi (mafunzo kwa vitendo) wilaya mbili. Sisemi wote wanatumia saa 80 hizo ipasavyo. Wapo wanaosahihisha usiku mmoja, na alama zinaonyesha.

Halafu kuna wahadhiri wa muda, wanaotoka vyuo vikubwa kuja kufundisha Jumamosi na Jumapili. Kozi ya wiki 15 inabanwa ndani ya wikiendi tano za saa tisa tisa. Darasa la namna hii linakufa kwa mambo madogo: ufunguo wa ukumbi uko kwa mlinzi wa zamu ya jana, projekta ni ya zamani yenye tundu la VGA na kompyuta ya mwalimu ina HDMI tu, umeme umekatika na jenereta haina dizeli. CR apige simu Alhamisi, achukue ufunguo Ijumaa kabla ya saa 9, awe na kiunganishi chake cha waya na ekstensheni ya mita tano. Darasa likichangishana mara moja, vifaa hivyo vinahudumia miaka mitatu. Na vijitabu vya majaribio mwalimu wa muda akivichukua kwenda navyo, andika idadi, tarehe, na asaini. Hapo ndipo alama hupotelea, hasa pale malipo yake yanapochelewa naye akaona hana haraka.

Kuna udhaifu mwingine ambao hausemwi sana. Vyuo vidogo huajiri wahitimu wao wenyewe kwa kuwa wanawajua na wanavumilia mshahara. Baada ya miaka kumi, idara nzima inafundisha madesa (notisi za kozi) yale yale waliyofundishwa. Mkuu wa idara anayewapeleka vijana wake kufanya uzamili chuo kingine, hata kama kuna nafasi hapo hapo, anaifanyia idara hisani kubwa.

Utafiti wa mwaka wa mwisho

Msimamizi mmoja, wanafunzi 15 au 20. Kila mmoja akipeleka ripoti nzima wiki ya mwisho, kurasa ni zaidi ya 800. Hasomi mtu. Peleka sura moja moja, imechapwa kwa nafasi mbili ili kuwe na mahali pa kuandika, na kila sura inayorudi iambatanishe na ile iliyosahihishwa ili asianze upya. Ujumbe uwe mfupi na uwe na kila kitu:

"Shikamoo Dokta. Ni fulani, mwaka wa 3, Ualimu wa Kiswahili na Historia. Sura ya 2, kurasa 11, nimeiacha kwa katibu muhtasi leo saa 4 asubuhi. Naomba nije kuifuata Alhamisi saa 8 mchana kama utakuwa ofisini."

Anayeandika "Habari Dokta, umeshasoma kazi yangu?" hajajitaja, hajasema sura ipi, na kwa watu wazima wa kwetu hajasalimia ipasavyo. Jibu litachelewa, na si kwa chuki. Mhadhiri haelewi nani huyu.

Fildi nayo, ambayo kwa kawaida ni wiki nane, ombeni nafasi miezi miwili kabla. Kitabu cha kumbukumbu kijazwe kila jioni na kisainiwe kila wiki. Wanaojaza kurasa 40 usiku mmoja hugundulika kwa kalamu moja na mwandiko uliochoka.

Kuondoka

Fomu ya kuondokea ina saini sita hivi: maktaba, uhasibu, bweni, idara, mshauri wa wanafunzi, maabara. Izungushe wiki ya mwisho ya UE wakati wote wapo, kwa sababu wiki inayofuata mkutubi, ambaye ni mmoja, yuko likizo. Aliyepoteza kitabu anunue toleo lile lile akirudishe, kwa kawaida ni nafuu kuliko faini. Risiti za ada za miaka yote zikae pamoja: mfumo wa malipo ukibadilishwa katikati, madeni ya uongo hujitokeza, na risiti ndiyo mwisho wa ubishi.

Kati ya matokeo na mahafali ya Novemba au Desemba kuna miezi ya kusubiri. Sekretarieti ya Ajira haipokei matokeo ya awali wala hati za matokeo za kidato cha nne na sita. Inataka vyeti vyenyewe. Vikitoka, hakiki jina, programu na daraja ukiwa bado dirishani. Thibitisha nakala kadhaa kwa wakili, piga picha, jitumie barua pepe. Cheti kikipotea utatakiwa ripoti ya polisi, tangazo la gazeti na kiapo, kisha usubiri. Tahadhari hii ina uzito zaidi kwa vyuo vidogo, maana TCU imewahi kufuta usajili wa baadhi yao, na chuo kikishafungwa anayetafuta transkripti, hati ya alama zake, huzunguka sana.

Deni la Bodi linamfuata kila mtu. Mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi: kwenye 800,000 ni 120,000. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ilifutwa 2021. Omba taarifa ya deni kila mwaka ulinganishe na hati za mshahara.

Wahitimu

Makundi ya WhatsApp ya wahitimu huanza na picha za joho, yakapita kwenye misiba na harusi, kisha yakabaki na matangazo ya viwanja. Yanayodumu yana vitu viwili: daftari na fedha isiyoshikwa na mtu mmoja. Daftari liwe na jina la chuoni, namba ya usajili, mwaka, simu, mkoa na kazi, na lisasishwe siku ya kikao cha wahitimu kinachotangulia mahafali. Fedha ikae kwenye akaunti ya kikundi ambayo kila mwanachama anaona salio, kama M-Koba ya kwenye simu, au benki yenye watia saini watatu wanaoishi mikoa tofauti.

Darasa la watu 42 wakichanga 5,000 kwa mwezi ni 210,000, kwa mwaka 2,520,000. Tuseme theluthi moja haitoi, inabaki 1,680,000. Wengi hutaka kununua kitu kinachoonekana, geti au sanamu, kiandikwe jina la darasa. Ningesema hapana. Vyuo vingi binafsi havitoi namba ya mtihani kwa mwenye deni la ada, na wiki mbili kabla ya UE utakuta vijana wazuri wamekwama kwa laki moja na nusu au laki mbili. Fedha ile inawaingiza wanane chumba cha mtihani. Mshauri wa wanafunzi alete majina na kiasi, mkuu wa idara athibitishe alama za muhula, na malipo yaende moja kwa moja kwenye namba ya malipo ya mwanafunzi, kamwe yasipite mkononi. Jina lake lisitajwe kwenye kundi.

Na kwa mhitimu asiye na fedha ya kuchanga, kutoa nafasi mbili za fildi kazini kwake kila mwaka kunatosha. Barua za kuomba nafasi hizo zinaanza kutoka chuoni miezi miwili kabla, na mwandishi wake, kama kawaida, ni mtu mmoja. Mpigie mapema.